Mgambo wa Mipini ya Fagio

Binti yetu alizaliwa huku Amerika. Kiswahili anakisikia chote, hasa kile cha kumsema, lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza. Humu nitamtafsiria, maana nikiyaandika maneno yake kama alivyoyatamka, ndugu zangu wa Singida watasema nimeshindwa kulea. Mama yake ni Mkenya wa Nyahururu, muuguzi. Mimi ni Mtanzania, natunza wazee huko Temple Hills. Nawaogesha, nawapikia uji wa shayiri, nasikiliza habari za wake waliowaacha na wake waliowakimbia. Tunakaa Riverdale Park, Maryland, ghorofa ya pili, na nyumbani kwetu zinasemwa lugha tatu: Kiswahili changu, kile ambacho mke wangu anakiita Kiswahili, na Kiingereza cha mtoto.

Mwaka alipokuwa darasa la saba, binti alirudi siku moja na karatasi ya shule, akaiweka mezani kifudifudi kama mtu anayeficha matokeo ya mtihani. Nikaigeuza. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na safari hii jambo lilikuwa mgambo wenyewe.

Mwalimu wao wa historia alikuwa akiwafundisha habari za mgambo wa majimbo ya Amerika, enzi taifa lilipokuwa bado changa. Serikali ya wakati ule haikuwa na jeshi la maana wala ghala la silaha la kutosha, kwa hiyo ilifanya jambo ambalo serikali zote hupenda kufanya: iliwaambia wananchi wajitafutie wenyewe. Kila mwanamume aliyetimiza miaka kumi na minane na hajavuka arobaini na mitano alitakiwa afike kwenye gwaride na gobori lake zuri, singe na mkanda wake, mawe mawili ya akiba ya gumegume ya kuwashia baruti, shanta mgongoni, na mkoba wa risasi zisizopungua ishirini na nne. Mwenye bunduki ndefu ya kuwindia aliruhusiwa kuja nayo badala ya gobori, ila awe na pembe ya baruti, risasi ishirini na robo ratili ya baruti. Asiyekuwa na vifaa alitozwa faini. Sasa wanafunzi nao walitakiwa wajikusanye Ijumaa kwenye uwanja wa nyumba moja ya kale, karibu na barabara ya Route 1, kila mmoja na vifaa vyake, wakaguliwe.

Nilisoma nimesimama, nikavuta kiti, nikasoma tena. Orodha ile niliifahamu. Ndiyo ile ile tuliyopewa tulipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni: godoro, ndoo yenye mfuniko, jembe lenye mpini, fyekeo, fagio la chelewa, na ole wako ufike getini na jembe lisilo na mpini. Sikujua kwamba waasisi wa Amerika nao walisoma bweni.

"Hii si sheria ya vita," nikamwambia mke wangu. "Hii ni fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza."

Mke wangu alikuwa ametoka zamu, miguu yake imo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. "Wewe kila kitu ni boarding," akasema. "Hata harusi yetu uliifanyia inspection."

Shule ilikuwa imeongeza masharti yake. Hakuna kitu chochote kinachofanana na bunduki ambacho kingeingia uwanjani, kwa sababu ambazo mzazi yeyote wa huku anazijua bila kuambiwa. Kwa hiyo bunduki ingewakilishwa na mpini wa fagio, singe na karatasi iliyoviringishwa, na baruti na kitu chochote cheusi cha jikoni. Nililipenda sana jambo hili. Kama ningeulizwa, ningeshauri nchi nzima ibadilishe bunduki zake kwa mafagio, na barabara zetu zingekuwa safi zaidi.

Kulikuwa na kipengele kingine, na binti ndiye aliyekitaja. Sheria ile ilisema wanaume weupe, walio huru, wenye afya. Watu wa rangi yetu, hata wale waliokuwa huru, wakiruhusiwa sana walipewa ngoma wapige, au shoka na sepetu.

"Kwa hiyo darasani kwetu angesimama mstarini mtu mmoja tu," binti akasema, "na huyo ana pumu."

Mwalimu wao, mama Mmarekani mweusi mwenye sauti ya kamanda, aliwaeleza yote hayo bila kuwaficha. Kisha akawaambia kwamba Ijumaa kipengele hicho kitakuwa likizo, ila vingine vyote vitakuwa kazini.

Binti naye alikuwa na sharti lake. "Wazazi wamealikwa," akasema akiwa anaangalia friji, si mimi. "Mama atakuwa kazini. Na wewe baba, tafadhali, usije."

Nilijua sababu. Mwanzoni mwa mwaka kulikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu alipomaliza kuzungumza aliuliza kama kuna mtu ana la kusema. Mimi nimekuzwa nikijua kwamba shughuli haifungwi bila neno la shukrani. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamtambua mgeni rasmi, nikawatambua walimu, wazazi na walioandaa vitafunio, nikasema itifaki imezingatiwa, kisha nikatoa shukrani kwa niaba ya wazazi wote, ambao hakuna hata mmoja aliyenituma. Watu walipiga makofi, nami nikaketi nikijua nimeiokoa hafla. Binti yangu alikuwa ameteremka kwenye kiti mpaka amebaki nywele. Wiki nzima iliyofuata wenzake walikuwa wakiinuka kwenye meza ya chakula, wanafunga vifungo ambavyo hawana, wanawashukuru wapishi.

Tangu hapo, nikimpeleka shule, aliniomba nimshushe kona ya nyuma, kwenye duka la matairi. Alishuka haraka na kwenda zake bila kugeuka, na mtu asiyejua angedhani nimembeba kwa nauli. Mke wangu alisema ni umri, litapita. Mimi nilijibu ndiyo, litapita, lakini liliniuma. Sikutaka mtoto ambaye ni hodari wa Kiswahili wala hodari wa hesabu. Nilitaka mtoto asiyeona haya kuwa wangu.

Basi nikaamua kwamba kama mimi siruhusiwi kwenda, kazi ya mikono yangu itakwenda.

Binti alikuwa sajini wa kikosi cha bunduki ndefu, kwa hiyo alihitaji pembe ya baruti. Akanionyesha kwenye simu pembe za plastiki za kuagiza mtandaoni. Nikamwambia hakuna ng'ombe aliyewahi kuota pembe ya plastiki. Baba mkubwa wangu kule Singida alikuwa na gobori la kuwatishia nguruwe pori, na pembe yake ya baruti ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nyeusi, inang'aa kwa kushikwa. Nilitaka ya namna ile. Liko shamba moja kusini mwa Maryland ambako sisi wa Afrika Mashariki hununua mbuzi wa Krismasi. Nikamwendea mwenye shamba, naye akanipa pembe ya ng'ombe bure, akaniuliza kama ni ya dini. Nikamwambia ni ya historia ya nchi yake.

Jambo ambalo baba mkubwa hakuwahi kunieleza ni kwamba ndani ya pembe kuna mfupa, na mfupa hautoki mpaka uchemshe. Nikachemsha. Ilipofika saa ya pili, harufu ilikuwa imetoka jikoni, imepita sebuleni, imeshuka ngazi kuwasalimia majirani. Mke wangu akaingia na viatu mkononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nasafisha silaha ya mtoto."

Akafunua mfuniko, akafunika. "Hii si sufuria yangu ya ugali? Ile nilibeba kwa handbag kutoka Nyahururu? Wewe Mtanzania, kwani hukuona ingine?"

"Zile nyingine hazina kina."

"Na adabu yako pia haina kina." Akafungua madirisha yote, na ilikuwa Novemba. Baadaye nilipomwomba robo ratili ya majani yake ya chai ya Kericho yawe baruti, aliyapima mwenyewe kwa kijiko. "Kwa sababu ni ya mtoto," akasema. "Lakini irudi."

Pembe ilitoka vizuri. Nikaipiga msasa, nikaipaka mafuta ya nazi, nikaiziba kwa kizibo, nikaizungusha kwenye taa kama fundi wa dhahabu. Ilibaki mkanda wa kuivalia begani. Ngozi sikuwa nayo, nikamshukia mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya chini, fundi cherehani ambaye huwashonea watu wa makanisa matatu. Harufu ilikuwa imemfikia, kwa hiyo hakushangaa kuniona.

"Papa, ngozi sina," akasema. "Niko na pagne tu, ya muzuri sana. Mutoto ataonekana kabisa."

Alikuwa na kitenge chekundu chenye majogoo ya manjano, kila jogoo na kifua chake, wakubwa kama kiganja. Mgambo wa kale sidhani kama walivaa majogoo, lakini mama yule alikuwa amekwisha kuwasha mashine, na ukweli ni kwamba mkanda ulipendeza. Nikapanda na pembe yangu juu kama mtu aliyeshinda kombe.

Binti aliiangalia. Akagusa jogoo mmoja kwa kidole. "Ni kubwa," akasema. Hakusema nzuri, hakusema mbaya. Akaipeleka chumbani.

Siku moja kabla ya ukaguzi alikuwa mezani amejikunja. Rafiki yake wa karibu, msichana ambaye wazazi wake walitoka El Salvador na ambaye hula chapati za mke wangu kama aliyezaliwa Nyahururu, aliagiza pembe ya plastiki mtandaoni na haikufika. Mvulana mwingine wa kikosi chao hakuwa amehangaika hata kuagiza. Mwalimu alikwisha kusema kwamba kikosi kitakachopungukiwa kifaa hata kimoja kitakula piza mwisho, baada ya vikosi vingine kuchagua. Kwa umri ule hiyo ni adhabu nzito kuliko faini.

Nikaweka kijiko chini. Nikamsimulia ukaguzi wa bweni kwetu. Mwalimu wa zamu alianzia kitanda cha kwanza, na kila mwanafunzi alisimama na jembe, ndoo na fyekeo lake. Bweni zima lilikuwa na mafyekeo machache mno, lakini hakuna aliyewahi kupatikana na kosa. Fyekeo likishakaguliwa lilipita nyuma ya migongo, likatoka dirishani kwa huyu na kuingia dirishani kwa yule, na likifika kitanda cha mwisho lilikuwa limekaguliwa mara nyingi kuliko gari la abiria.

"Na hakujua?" binti akauliza.

"Angejuaje? Fyekeo ni fyekeo. Siri yote ni kwamba yote yalifanana."

Alicheka. Alicheka akainamia sahani, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kikao kile cha wazazi, na nikarudia kipande cha dirisha ili acheke tena. Mke wangu alinikanyaga chini ya meza. Sikuelewa kwa nini, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa.

Ijumaa nikawashusha yeye na rafiki yake kwenye kona, na mipini yao ya fagio, na pembe yenye majogoo. "Asante, kwaheri, nenda kazini," akasema. Zamu yangu ilianza saa nane mchana. Sheria aliyoniwekea ilisema nisije, na mimi sikuja. Nilizunguka tu mtaa nikanunua kahawa, gari likaegeshwa karibu na uwanja, na mwaloni mkubwa ulikuwa pale pale, na nyuma ya mwaloni kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nilivaa kofia na miwani ya jua, ingawa jua halikuwepo. Nilijiona nimejificha barabara.

Uwanja ulikuwa umejaa watoto wenye mipini ya fagio mabegani. Mashanta yao yalikuwa mifuko yao ya shule. Risasi zao zilikuwa maharage, shanga, na kwa mtoto mmoja mwenye akili, peremende zilizokuwa zikipungua. Mwalimu alikuwa amevaa kofia ya pembe tatu na alipita mstari kwa mstari akiuliza kwa sauti ya kijeshi: bunduki, shanta, risasi, baruti. Wazazi wengine walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, wanapiga picha. Niliwaonea wivu, nasema kweli.

Akafika kikosi cha bunduki ndefu. Binti yangu alikuwa wa kwanza. Kifua mbele, pembe begani, majogoo yanawaka. Mwalimu akavuta kizibo, akanusa majani ya chai, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Nilitaka kupiga makofi nikakumbuka kikombe cha kahawa mkononi. Mwalimu alipohamia wa pili, niliona mkono wa binti ukienda nyuma. Kutoka mbele pengine hakukuonekana kitu, lakini mimi nilikuwa nyuma yao. Pembe ilivuka mgongo wa mtoto wa pili, ikafika kwa msichana wa El Salvador, ikaingia begani.

Mwalimu akaikagua. Akamtazama jogoo, akaendelea.

Pale ndipo nilipoelewa mguu wa mke wangu chini ya meza. Nilikuwa nimemfundisha mtoto siri ya vifaa vinavyofanana, na nilikuwa nimemvalisha pembe pekee yenye majogoo katika jimbo zima la Maryland. Ilikuwa ikisafiri tena, mkanda unaburuza, wekundu wake unachungulia kati ya miguu ya watoto. Nilisema kimya kimya, iache, mwache yule mvulana apate faini yake, lakini mgambo hawasikii ushauri wa kwenye miti.

Mwalimu alifika kwa mvulana. Akawakuta majogoo mara ya tatu. Akaishika pembe, akageuka kukabili kikosi kizima.

"Zamani zile," akasema, "siku ya ukaguzi watu waliazimana bunduki. Ilijulikana. Mmoja akishakaguliwa alimpa jirani yake." Alisema hivyo bila kucheka, ingawa mdomo wake ulikuwa na kazi ya kujizuia. "Nataka kujua pembe hii ni ya nani na nani aliyewafundisha."

Kikosi kikakaza macho mbele. Wangeweza kunyamaza mpaka piza ipoe, na jambo lingeishia hapo. Mimi nyuma ya mti nilikuwa na utetezi mzima kichwani, wenye utangulizi na hitimisho, na nikajishika. Nikitokea, nilijiambia, nitamshusha mtoto huyu kona ya duka la matairi mpaka aolewe.

Binti akapiga hatua moja mbele.

"Ni yangu," akasema. "Baba yangu ameitengeneza. Aliichemsha kwenye sufuria ya ugali, jengo zima likanuka." Watoto wakaangua kicheko, naye akangoja kiishe. "Yeye ndiye aliyetufundisha. Yuko pale nyuma ya mti. Anadhani sijamwona."

Vichwa vyote vikageuka. Nikabaki na kofia yangu na miwani yangu na kikombe changu. Hakuna itifaki ya kutoka nyuma ya mti. Nikatoka tu.

Mwalimu alinikumbuka, niliona kwenye macho yake kwamba alinikumbuka vizuri sana. Akaniuliza umri wangu. Nikautaja bila kupunguza, nikajikuta bado naingia katika sheria. Akanionyesha kwa kidole mwisho wa mstari. Nikaenda kusimama karibu na mvulana mvivu, nikabana visigino, wazazi wakainua simu zao.

Akaja mbele yangu taratibu. "Bunduki?"

"Sina."

"Shanta?"

"Sina."

"Baruti?"

Nilikuwa na kahawa, imepoa. Nikasema sina.

Mwalimu akageukia kikosi. "Askari huyu hana kitu hata kimoja, na hayumo kwenye orodha ya mgambo. Ni wa nani?"

Wale waliokuwa wakifunga vifungo wasivyokuwa navyo walikuwa wote pale, wanamtazama, wanangoja. Sikuthubutu kumgeukia. Niliogopa kama sijawahi kuogopa kwenye ukaguzi wowote, na sioni aibu kulisema.

"Ni wangu," akasema.

"Sauti, sajini."

Akajaza kifua, mpini wa fagio begani, akasema tena mpaka wazazi waliokuwa kule mbali wakipanga piza wakageuka: "Ni wangu. Ni baba yangu."